Sura ya Sita: Mfupa na Mshipa

Kisiwa cha Urk, kilichokuwa katika bahari ya ndani ya Uholanzi hata mwaka 1939 kilipounganishwa na bara kwa boma la kuzuia maji, kilikaliwa kwa karne nyingi na wavuvi ambao, kwa umbali wa mahali pao na kwa mapenzi ya dini na desturi zao, waliozana wao kwa wao kizazi baada ya kizazi, hata nasaba zao zikasukana na kila mwenyeji akawa na jamaa karibu katika kila nyumba. Hilo si aibu, na visiwa vingi duniani vimeishi hivyo. Lakini mahali penye ndoa za namna hiyo, hitilafu ya urithi iliyofichika kwa mhenga mmoja, ambayo mtu akiwa na nakala yake moja haimdhuru, hupata nafasi ya kumfikia mtoto mmoja kwa njia mbili, kwa baba na kwa mama, na hapo ndipo idhihirikapo.

Katika mwaka 1955 tabibu wa Kiholanzi, Francis van Buchem, alieleza habari za watu ambao mifupa yao haikujua kukoma kunenepa. Taya la chini lilipanuka, paji la uso likajitokeza, fuvu likawa zito, na matundu madogo ya fuvu yapitishayo mishipa ya fahamu yakazidi kuwa membamba mwaka hata mwaka, mpaka mshipa wa uso ukabanwa na uso ukapooza, na mshipa wa kusikia ukabanwa na mtu akawa kiziwi. Wagonjwa wengi wa maradhi hayo waliotambuliwa Uholanzi, asili yao ilipofuatwa, ilionekana kurejea Urk. Na mbali na hapo, kusini kabisa mwa Afrika, miongoni mwa Makaburu, ambao wahenga wao walianza kuhamia Rasi kutoka Uholanzi mwaka 1652, yalikuwako maradhi mengine yenye sura hiyo hiyo lakini makali zaidi: watoto walizaliwa na vidole vilivyoshikamana, wakarefuka kupita kiasi cha wenzao, na fuvu likanenepa kuelekea ndani hata likaubana ubongo, na baadhi yao wakafa kwa ghafla katika ujana wao. Matabibu wawili, Peter Beighton wa Chuo Kikuu cha Cape Town na Herman Hamersma, bingwa wa masikio, walitumia miaka mingi kuwafuata wagonjwa hao, kuwatibu na kuandika habari zao, na bila subira ya watu wa namna hiyo sehemu kubwa ya yale yatakayosemwa katika sura hii isingalijulikana.

Kulikuwa na jambo moja lililovuta fikira za wataalamu. Mifupa ya wagonjwa hawa, pamoja na mateso yote iliyowaletea, ilikuwa migumu mno kuvunjika. Tena wazazi wao, waliobeba nakala moja tu ya hitilafu ile, hawakuwa na ugonjwa wowote. Walikuwa watu wazima wa afya, ila mifupa yao ilipopimwa ilionekana kuwa mizito kuliko ya watu wa kawaida. Ikawa swali halikwepeki: ikiwa nusu ya hitilafu humpa mtu mifupa imara bila kumdhuru, je, haiwezekani kuiga nusu hiyo kwa dawa, na kumpa bibi kizee ambaye mifupa yake inamong'onyoka?

Jawabu lilianza kupatikana mwaka 2001, makundi mawili ya watafiti yalipotangaza kuwa yameipata jeni yenyewe, iliyoko katika kromosomu ya 17, wakaiita SOST. Jeni hiyo ndiyo iagizayo kutengenezwa kwa protini iitwayo sklerostini. Kwa Makaburu wenye maradhi, maandishi ya jeni hiyo yamekatika karibu na mwanzo wake, na protini haitengenezwi kabisa. Kwa wagonjwa wa Urk jeni yenyewe ni salama, lakini baada yake pamepotea kipande cha herufi takriban 52,000 ambamo mlikuwa na amri ya kuziambia seli za mfupa ziisome jeni hiyo, na kwa hiyo sklerostini hupungua sana bila kutoweka, na maradhi yakawa mepesi zaidi. Kazi ya sklerostini hufanywa ndani ya mfupa wenyewe, na chembe zilizozikwa humo, ambazo huhisi uzito na mtikisiko wa mwili, ndizo ziitoazo; nayo huwa mithili ya msimamizi wa ujenzi ambaye, ukuta ukifika kimo chake, huwaambia waashi waweke mwiko chini. Asipokuwako, waashi hawakomi. Sklerostini hutimiza kazi hiyo kwa kuzishika protini mbili zilizosimama juu ya ngozi ya seli, LRP5 na LRP6, na kuzizuia zisipokee ujumbe wa kujenga. Mwaka 2002 zilielezwa jamaa mbili za Marekani, moja ya Connecticut na moja ya Nebraska, ambazo LRP5 yao ilikuwa imebadilika, nao wakaishi na mifupa mizito ajabu pasipo maradhi. Hali watoto ambao LRP5 yao imevunjika huwa na mifupa dhaifu na macho yasiyoona.

Mwenye kusoma habari hizi asidhani kuwa udhaifu wa mifupa ni jambo dogo la uzee. Mwanamke akomapo hedhi, homoni iliyokuwa ikilinda mifupa yake hupungua kwa haraka, na baada ya miaka kadhaa kuteleza bafuni kunatosha kumvunja nyonga. Na katika nchi ambako hesabu za mambo haya huwekwa, takriban mmoja kati ya wazee watano waliovunjika nyonga hufariki kabla mwaka haujaisha. Dawa nyingi zilizotangulia zilipunguza kumomonyoka kwa mfupa, walakini zilizojenga mfupa mpya zilikuwa chache mno. Kwa hiyo kingamwili iliyotengenezwa kuishika sklerostini na kuizima, iliyopewa jina la romosozumabu, ilipokelewa kwa matumaini makubwa. Katika jaribio la wanawake 7,180 lililotangazwa mwaka 2016, waliopigwa sindano ya dawa hiyo kila mwezi kwa mwaka mmoja walivunjika pingili za mgongo kwa kiasi cha asilimia 0.5, na waliopewa sindano isiyo na dawa kwa kiasi cha asilimia 1.8, yaani kati ya mivunjiko minne, takriban mitatu ilizuiwa. Urithi wenye mateso wa jamaa chache za Kiholanzi na Kikaburu ulikuwa umegeuka rehema kwa wengi.

Ndipo likaja jaribio la pili. Mwaka 2017 yalitangazwa matokeo ya wanawake 4,093, wengi wao wenye umri wa zaidi ya miaka sabini na waliokwisha kuvunjika mara moja au zaidi, ambao nusu yao walipewa romosozumabu kwa mwaka mmoja na nusu nyingine wakapewa alendroneti, dawa ya zamani ya vidonge, kisha wote wakaendelea na vidonge hivyo. Kwa upande wa mifupa dawa mpya ilishinda dhahiri: baada ya miaka miwili mivunjiko mipya ya pingili ilikuwa pungufu kwa asilimia 48, na ya nyonga hatimaye ikawa pungufu kwa asilimia 38. Lakini walipohesabu yaliyoupata moyo na ubongo katika mwaka ule wa kwanza, waliona jambo ambalo hawakulitazamia. Katika wanawake 2,040 waliopewa romosozumabu, 16 walipatwa na kiharusi au ajali nyingine kubwa ya mishipa ya ubongo. Katika wanawake 2,014 waliopewa alendroneti, walikuwa 7. Kwa moyo uliokosa damu hesabu ilikuwa 16 kwa 6.

Hesabu hizi ni ndogo, na mtu mwenye insafu hawezi kuzitazama bila kujiuliza kama bahati tu haikucheza humo. Jaribio la kwanza, lililokuwa kubwa zaidi, halikuonyesha tofauti yoyote ya namna hiyo. Wako waliosema kwamba pengine si dawa mpya iliyodhuru, bali dawa ya zamani iliyohifadhi. Lakini ithibati ya kwamba alendroneti huhifadhi moyo na ubongo kwa kiasi hicho haijapatikana, nami naiona hoja hiyo kuwa dhaifu. Wenye mamlaka ya dawa hawakukubaliana sawasawa. Marekani iliiruhusu dawa hiyo mwezi Aprili 2019, ikaandika onyo kali juu ya karatasi yake kuwa asianzishiwe mtu aliyepatwa na kiharusi au mshtuko wa moyo katika mwaka uliotangulia. Ulaya ilikataa kwanza, kisha ikakubali mwezi Disemba mwaka huo huo, kwa sharti kwamba mtu aliyepata kuugua kiharusi au mshtuko wa moyo wakati wowote wa maisha yake asipewe kabisa.

Ni kwa sababu gani, basi, jambo lililokusudiwa mfupa liufikie ubongo? Kiharusi, kama ilivyokwisha kuelezwa katika sura zilizotangulia, hutokea mshipa wa damu ulishao ubongo unapoziba au unapopasuka. Na mara nyingi mshipa hauzibi wala haupasuki kwa siku moja, bali huandaliwa kwa miaka, kwa mafuta yanayojikusanya katika ukuta wake, na kwa chokaa inayoganda humo. Chokaa hiyo ndiyo kiungo cha habari yetu. Rudolf Virchow, mwanachuoni mkubwa wa Ujerumani wa karne ya 19, alikwisha kuona kwa darubini kuwa katika mishipa iliyokakamaa hamna chokaa tu iliyomwagika ovyo, bali mnaweza kuwa na mfupa wa kweli, wenye mpangilio wa mfupa. Ugunduzi huo ulikaa miaka zaidi ya mia bila kupewa haki yake. Hata ilipofika mwaka 1993, watafiti wa California walipata katika mishipa ya watu iliyokakamaa protini ile ile iamrishayo mfupa kuumbika, na tangu hapo wenye kushughulika na mifupa na wenye kushughulika na mishipa, waliokuwa hawajuani, wakaanza kusoma vitabu vya wenzao.

Panya waliotolewa jeni mojamoja katika maabara walizidi kulifunua jambo. Mwaka 1997 walizaliwa panya wasio na protini moja iitwayo MGP, ambayo kazi yake ni kuzuia chokaa isigande mahali pasipostahili. Mishipa yao mikubwa iligeuka migumu ikapasuka, wakafa kabla ya kutimiza miezi miwili, na hali mishipa yao ikijaa chokaa, mifupa yao ilikuwa mifupi, dhaifu na yenye kuvunjika. Mwaka uliofuata wakaja panya wasio na osteoprotegerini, protini izuiayo seli zinazokula mfupa; hao nao mifupa yao iliharibika mapema, na mshipa wao mkuu wa damu pamoja na mishipa ya figo ikakamatwa na chokaa. Yaani chokaa ilikosekana palipohitajiwa ikazidi palipokatazwa, na yote kwa hitilafu ya jeni moja.

Na kwa wanadamu ipo habari ya jamaa moja ya Uajemi, ambayo mwaka 2007 watafiti walieleza kuwa wengi wa watu wake walipatwa na maradhi ya mishipa ya moyo wangali vijana, wakawa na shinikizo la damu, kisukari na mafuta mengi katika damu, na pamoja na hayo mifupa yao ikawa dhaifu. Herufi moja tu ilikuwa imebadilika katika jeni ya LRP6, ile ile LRP6 ambayo sklerostini huishika. Kwangu mimi hii ndiyo habari kubwa kuliko zote katika mlango huu wa elimu, kwa sababu hapa hatusemi tena juu ya panya, wala juu ya dawa iliyotiwa mwilini kutoka nje, bali juu ya watu wa ukoo mmoja ambao moyo, damu na mifupa yao vilihukumiwa na herufi moja.

Sasa msomaji makini atakuwa ameona mahali penye utata. Kwa jamaa ya Uajemi na kwa wale panya, mfupa dhaifu na mshipa mgonjwa vilikwenda pamoja. Ikiwa hiyo ndiyo kanuni, yapasa mtu mwenye mfupa imara awe na mshipa salama, na dawa inayoujenga mfupa iulinde ubongo. Lakini jaribio la mwaka 2017 lilionyesha kinyume chake. Wale wanaosema kwa mkato kuwa mifupa dhaifu ni dalili ya kiharusi, na wale wanaosema kuwa mifupa imara hulipiwa kwa kiharusi, wote wamekosea kwa namna moja: wamedhani kuwa mfupa una jeni moja. Uchunguzi mkubwa uliotangazwa mwaka 2019, uliofanywa kwa watu zaidi ya 426,000 wa Uingereza, ulipata mahali 518 katika urithi wa mwanadamu panapohusika na uzito wa mfupa. Na kila mahali pana tabia yake. Pengi hapahusiani na mishipa kabisa. Kwingine hitilafu huudhoofisha mfupa na mshipa kwa pamoja, na kwingine, kama inavyoshukiwa kwa SOST, kinachoufaa mfupa huenda kikaudhuru mshipa, kwa kuwa sklerostini imeonekana pia katika kuta za mishipa iliyoganda chokaa, na yapo majaribio ya panya yaonyeshayo kuwa humo hufanya kazi ya ulinzi.

Kuyapambanua haya kwa kuwatazama watu tu ni taabu kubwa, kwa maana umri, sigara, ukosefu wa mwendo na upungufu wa homoni huharibu mfupa na mshipa kwa wakati mmoja, na kiharusi chenyewe, kikishampooza mtu, huifanya mifupa ya upande uliopooza ipoteze madini yake, hata mgonjwa akianguka huvunjika upande huo. Basi anayeikuta mifupa dhaifu kwa mwenye kiharusi hawezi kujua kilichotangulia. Wataalamu wakatumia njia nyingine, inayotegemea kanuni aliyoitoa Gregor Mendel mwaka 1866: mtoto atungwapo mimba, hupokea kwa kila mzazi nakala moja kati ya mbili, kwa bahati isiyojua tajiri wala maskini, mvutaji wala asiyevuta. Ikiwa basi wapo watu waliopokea kwa bahati hiyo herufi zinazopunguza sklerostini kidogo tangu kuzaliwa, wao ni kama wamepewa dozi ndogo ya romosozumabu maisha yao yote, na yatosha kuhesabu ni wangapi waliopatwa na maradhi. Mwaka 2020 watafiti wa Oxford walitangaza hesabu hiyo: watu hao walikuwa na mifupa mizito na mivunjiko michache, kama ilivyotarajiwa, lakini walikuwa pia na hatari zaidi ya mshtuko wa moyo na kisukari, mafuta zaidi kiunoni, na shinikizo la damu la juu zaidi, ambalo ndilo chanzo kikuu cha kiharusi kati ya vile tuwezavyo kuvitibu. Wengine waliorudia hesabu kwa takwimu nyingine na kwa herufi nyingine hawakuyaona madhara hayo. Ubishi haujakatika.

Wako wanaoleta ushahidi wa Urk na wa Makaburu, wakisema kuwa watu hao, wasio na sklerostini ya kutosha tangu tumboni, hawakuonekana kufa kwa viharusi na maradhi ya moyo kupita wenzao. Ushahidi huo una uzito, lakini si mkubwa kama udhaniwavyo: wagonjwa wa Kikaburu waliojulikana hawafiki mia, na wengi wao waliondolewa na mgandamizo wa ubongo kabla ya kufika umri ambao kiharusi huwapata watu.

Kwetu sisi wa Afrika Mashariki kuna upungufu mwingine unaostahili kusemwa waziwazi. Hazina kubwa ya Uingereza ya habari za urithi na afya, iliyotumiwa katika hesabu nyingi za namna hii, ina watu nusu milioni, na zaidi ya tisa katika kumi ni wa asili ya Kizungu. Herufi za urithi zilizo za kawaida kwao si lazima ziwe za kawaida kwetu, na zetu nyingi hazimo humo. Na kiharusi hakipo mbali nasi. Uchunguzi uliofanywa Tanzania kati ya mwaka 2003 na 2006 ulionyesha kuwa, baada ya kusawazisha hesabu za umri, katika kila watu 100,000, waliopata kiharusi cha kwanza kwa mwaka walikuwa takriban 109 wilayani Hai na takriban 316 Dar es Salaam, kiasi kikubwa kuliko cha nchi nyingi tajiri. Watafiti wa Nigeria na Ghana wamekwisha kuanza kukusanya urithi wa wagonjwa wa kiharusi kwa kuulinganisha na wa watu wazima wa afya, na ni haki ya watu wa pwani na bara yetu kufanyiwa vivyo hivyo, kwa ridhaa yao na kwa manufaa yao, kabla hawajaandikiwa dawa ambazo usalama wake umepimwa kwa damu za wengine.

Hukumu yangu, maadamu mwandishi hana budi kuitoa, ni kwamba dawa hii ni neema kwa mwanamke ambaye mifupa yake imekwisha kuvunjika na ambaye moyo na ubongo wake havijapata kudhurika; na kwamba kwa aliyepata kiharusi, sharti la Ulaya ni la busara kuliko la Marekani, kwa sababu mwaka mmoja haumfanyi mtu asahauliwe na maradhi hayo, na dawa nyingine za mifupa zipo, tena za bei nafuu. Nasi tusingoje ubishi wa wanachuoni uishe ndipo tupime shinikizo la damu la wazee wetu, kwa kuwa kipimo hicho ni rahisi na manufaa yake hayana mbishi.

Basi wewe msomaji, ikiwa mama yako au bibi yako amevunjika nyonga au pingili ya mgongo, na tabibu akataja sindano ya kujenga mifupa, mwambie kabla ya sindano ya kwanza kama mzee huyo amepata kupooza, au kupotewa na kauli hata kwa saa moja, au kushikwa na moyo. Mweleze yaliyowapata wazazi wake na ndugu zake. Na umwombe ampime shinikizo la damu siku hiyo hiyo.